Hedimasta na Gari Lililokuwa Likimisi

Hedimasta wetu hakuuliza swali kabla ya kuwa na jibu lake mfukoni. Ukiitwa ofisini kwake ulijua huendi kueleza, unaenda kukubali. "Madam," angeniambia huku akipangusa meza isiyo na vumbi, "ni nani ameacha stoo ya unga wazi?" Kabla sijafungua mdomo angejijibu: "Ni yule mpishi mfupi. Nilijua." Siku aliyosema hivyo, mpishi mfupi alikuwa likizo kwao Migwani na alikuwa hajaonekana shuleni wiki nzima. Hilo halikumsumbua Hedimasta. Mpishi aliporudi alipewa onyo lake, akalipokea na kushukuru, kwa sababu kubishana na Hedimasta kulichukua muda mrefu kuliko adhabu yoyote.

Nilifundisha sayansi ya nyumbani chini yake kwa miaka mingi, katika shule ya bweni iliyo nje kidogo ya mji wa Wote. Alikuwa mwembamba, mrefu, mtu wa suti ya kijivu hata wakati wa jua lile la Makueni linalowafanya mbuzi wasimame kivulini wakihema. Alitembea mikono ikiwa nyuma, shingo mbele, kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka. Alikuwa na msemo wake mmoja uliotosha kila jambo, kuanzia dirisha lililovunjika mpaka matokeo mabaya ya hesabu: "Kila kosa lina mwenyewe." Wanafunzi waliuiga bwenini kwa sauti yake ya puani. Na sisi walimu tuliuiga, ila tulifunga mlango kwanza.

Kanuni za shule alizijua kwa moyo, na nyingi alikuwa amezitunga mwenyewe. Ilikuwepo kanuni ya kutokimbia katika uwanja wa shule, kanuni ya kutokimbia nje ya uwanja, na kanuni ya kutotembea polepole kwa makusudi. Lakini siwezi kuzicheka zote. Nilipopata mimba nikiwa sijaolewa, wazee wa halmashauri ya shule walikuja kwa mkutano wakiwa na nyuso za mazishi. Mmoja wao, mzee wa kanisa, alisema ninawaharibu wasichana kwa mfano mbaya. Hedimasta aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nimezisoma kanuni zote za shule hii. Hakuna mahali palipoandikwa tumbo." Akauliza kama kuna ajenda nyingine. Haikuwepo, mkutano ukafungwa. Hakuniambia neno la kunifariji, wala siku hiyo wala baadaye. Kesho yake alinikaripia kwa kuchelewa darasani.

Sasa, mtu kama huyo utamtarajia aendeshe gari gani? Sisi tulitarajia pikapu kuukuu, au baiskeli yenye kengele. Yeye, miaka ile ya tisini ilipokuwa ikianza, alienda Nairobi akarudi na gari la mashindano.

Lilikuwa jeupe, la Kijapani, si jipya, na boneti yake ilikuwa na tundu pana kama pua ya fahali aliyekasirika. Lilikuwa limekimbia mbio za magari kabla Mhindi mmoja wa Nairobi hajachoka nalo akaliuza. Pembeni, chini ya rangi, uliweza bado kuona kivuli cha namba kubwa iliyofutwa. Lilikuwa na turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa ili gari liruke kama limechomwa sindano. Fundi aliyelileta pamoja naye kutoka Nairobi alisema hakuna gari Makueni nzima litakaloliona mgongo.

Magari yote ya Makueni yaliuona mgongo wake, kwa sababu yote yalilipita. Hedimasta aliendesha kwa gia ya pili, ya tatu akiwa na furaha. Malori ya mchanga yalimpita. Mama mmoja mwenye punda wa maji alimpita karibu na soko, akamsalimia, akamwuliza kama gari limeharibika.

"Haijaharibika," alijibu. "Ninafuata sheria."

Nilimwuliza siku moja kwa nini basi alinunua gari la mbio. Nilidhani atanifokea. Badala yake alitazama dirishani akasema kwamba miaka ya sitini, alipokuwa mwalimu kijana huko Kitui, alilipeleka darasa lake lote kando ya barabara kutazama magari ya mashindano yakipita. Walisimama kutwa nzima. Gari la kwanza lilipopita hawakuona chochote ila vumbi na sauti. Watoto waliruka wakashangilia. "Mimi sikushangilia," alisema. "Nilikuwa mwalimu. Lakini, Madam, nilitaka sana kushangilia." Kisha akakumbuka yeye ni nani, akaniuliza kwa nini sikuwa darasani.

Basi gari hilo likaanza kumisi.

Kwa asiyejua magari, kumisi ni hivi: injini ina silinda kadhaa, na kila moja inatakiwa kuwaka kwa zamu yake kwa cheche ya plagi. Moja ikikosa zamu, injini inakohoa, gari linatetemeka, na mafuta ambayo hayakuungua yanaweza kulipukia kwenye ekzosi. Gari la Hedimasta lilimisi siku za Jumapili. Jumatatu linakohoa kidogo, Jumanne limepona, wiki nzima linanguruma vizuri. Jumapili inayofuata, taabani tena.

Jumapili ya kwanza lililipuka nje ya kanisa, mchungaji akiwa katikati ya maombi. Pah! Mama mmoja wa kwaya akajitupa chini ya benchi akilia, "Majambazi, mbaitu, ndugu zetu, tumekwisha!" Pah! Nusu ya kanisa ikamfuata. Hedimasta akaingia, suti imenyooka, akakuta waumini wamelala sakafuni, akaketi mahali pake pa kila siku, mstari wa mbele. Mchungaji alifikiri kidogo kisha akaliombea gari. Jumapili iliyofuata likalipuka tena, na kuna watu walioanza kunong'ona kwamba gari linaloharibika siku ya Bwana tu lina lake jambo.

Hedimasta hakuamini mapepo. Aliamini uchunguzi. Alivua koti, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, akafungua boneti mbele ya ofisi. Fundi wa Nairobi alikuwa amemfundisha kuchomoa waya za plagi moja moja injini ikiwa inanguruma: ukichomoa waya na mlio usibadilike, hiyo ndiyo silinda iliyolala. Hakuwa amemsikiliza fundi aliposema ashike waya kwa kitambaa kikavu. Umeme ulimrusha nyuma hatua mbili, miwani ikamtoka. Akaivaa, akatutazama sisi tuliokuwa tumejipanga kwenye dirisha la chumba cha walimu, akatangaza: "Silinda ya tatu iko hai."

Alibadilisha plagi zote. Jumapili likamisi. Akahamia kwa petroli. Kwa kuwa kila kosa lina mwenyewe, alikwenda kwa mwenye pampu mjini, mfanyabiashara mpole ambaye familia yake ilitoka upande wa Garissa, akamshtaki mbele ya wateja kwamba anatia maji kwenye petroli. Yule bwana hakukasirika. "Mwalimu," alimwambia, "wewe unaishi Wote hii hii? Hapa maji ni shida kuliko petroli. Nikichanganya, nitapata hasara." Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Hedimasta akajaza tangi, akarudi shuleni kwa gia ya pili.

Hapo ndipo alipoigeukia kompyuta.

Gari lile lilikuwa na kompyuta ndogo iliyofichwa ndani, kitu ambacho wengi wetu tulikuwa hatujawahi kukiona hata mezani. Injini ikipata hitilafu, taa ya manjano iliwaka kwenye dashibodi. Ukiunganisha nyaya mbili fulani chini ya usukani, taa ilianza kukonyeza: mikonyezo mirefu ni makumi, mifupi ni mamoja. Hesabu unayopata ndiyo jina la ugonjwa. Hedimasta alikuwa amekariri majina hayo kama Amri Kumi. Alinikalisha kiti cha abiria niwe shahidi. Taa ikakonyeza mirefu miwili, mfupi mmoja.

"Ishirini na moja," alinong'ona. "Cheche, Madam. Cheche inatumwa, lakini haifiki. Kuna mtu anaizuia."

"Mtu, Mwalimu? Au kitu?"

"Kila kosa lina mwenyewe," alisema, na nikajua kuna mtu atakayeumia.

Aliyeumia ni soja wetu. Alikuwa mzee mtulivu kutoka Mutomo, aliyelinda geti la shule tangu kabla Hedimasta hajahamishiwa kwetu. Gari lililala karibu na kibanda chake. Hedimasta alipiga hesabu yake: gari ni zima Jumamosi, ni gonjwa Jumapili, na kati ya Jumamosi na Jumapili ni nani aliye macho? Soja. Basi soja ndiye anayefungua boneti, na bila shaka anaiba petroli pia.

Alimwita mbele ya gwaride, asubuhi ya Jumatatu, wanafunzi wote wakiwa wamesimama kwa mistari.

"Kompyuta haina kabila," Hedimasta alianza. "Haina ukoo, haina kanisa. Haiwezi kusema uongo. Na kompyuta imesema ishirini na moja. Wewe unasema nini kuhusu ishirini na moja?"

Soja alivua kofia. "Mwalimu, mimi sijui hiyo ishirini na moja. Mimi najua geti."

"Unakataa?"

"Sikatai kitu. Sijaguza gari yako."

"Kwa hivyo kompyuta ni mwongo?"

Mzee alifikiria swali hilo kwa heshima kuliko lilivyostahili. "Labda haikuulizwa vizuri," alisema.

Kuna mwanafunzi aliyecheka nyuma, na nafikiri kicheko hicho ndicho kilichomaliza mambo. Hedimasta alimfukuza kazi palepale. Mzee alikunja blanketi lake, akatoa tochi ya shule akaiweka juu ya meza ya karani, akaenda zake. Wanafunzi walimtazama akipita geti ambalo sasa halikuwa na wa kulifungua, akalifungua mwenyewe, akalifunga nyuma yake vizuri.

Kisha, amini usiamini, gari likapona. Jumapili ya kwanza likanguruma kama simba aliyeshiba. Ya pili vilevile. Hedimasta alipita chumba cha walimu akiwa na tabasamu, kitu kingine ambacho hatukuwa tumezoea. "Mmeona? Mwizi ameenda, ugonjwa umeenda." Mimi mwenyewe nilianza kujiuliza kuhusu yule mzee, na niliona haya kwa kujiuliza.

Lakini kulikuwa na kitu kingine kilichoondoka wakati uleule, nacho ni maji. Mvua ilikuwa imekataa. Mto ulikauka mpaka wanafunzi wakachimba mchanga kwa vikombe. Kisima cha shule kilifungwa kwa kufuli, na Hedimasta aliweka kanuni mpya: maji ni ya kunywa na kupikia tu. Na kanuni ikishawekwa, aliifuata yeye mwenyewe wa kwanza. Aliacha kufua suti. Aliacha pia desturi yake ya Jumamosi jioni, ambayo sote tulikuwa tumeizoea hata hatukuiona tena: kuosha gari. Hakuosha mwili wa gari tu kama watu wengine. Alifungua boneti akaiogesha injini kwa jerikeni na sabuni, akaisugua mpaka ikang'aa, kwa sababu gari la hedimasta haliwezi kwenda kanisani na injini chafu.

Mvua ilirudi mwezi wa Novemba, nzito. Matangi yakajaa, kanuni ikafutwa. Jumamosi Hedimasta alitoka na jerikeni yake na sabuni, akipiga mluzi. Jumapili, nje ya kanisa: pah!

Nilikuwa mlangoni, na sikuwahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Mama wa kwaya alikuwa tayari chini ya benchi. Hedimasta hakuingia kanisani. Alibaki ndani ya gari, mikono juu ya usukani, ibada yote. Nilipotoka nilimkuta bado ameketi.

"Ishirini na moja?" nilimwuliza.

"Ishirini na moja," alisema. "Na soja yuko Mutomo."

Aliendesha mpaka shuleni huku gari likiruka kama mbuzi. Hakuenda kula. Alifungua boneti, na safari hii aliuliza swali bila jibu mfukoni. Alifuata cheche njia yake yote. Koili, inayoizalisha cheche, ilikuwa sawa. Akafungua kofia ya distribyuta, kile kikombe cheusi cha plastiki kinachogawa cheche kwa kila plagi. Ndani palikuwa na matone ya maji. Akaipangusa, akaigeuza juani, akaona ufa mwembamba kama unywele. Maji yalipenya hapo, na umeme ukayafuata maji badala ya kufuata waya. Akaikausha kwa leso yake, akaifunga, akawasha. Gari likanguruma bila kosa. Kisha akachukua kikombe cha maji, akayamwaga juu ya kofia ileile polepole, mbele yangu na walimu wengine wawili. Gari likaanza kukohoa.

Alizima injini. Sabuni ilikuwa bado imekauka kwenye pembe za injini, nyeupe.

"Ni mimi," alisema.

Alhamisi aliniambia nijitayarishe, tunaenda Mutomo, kwa kuwa mama yangu ni wa upande huo na ninaijua njia. Tulivuka mto Athi, tukapanda ile nchi kavu ya mawe mekundu. Alifika gia ya nne bila kujua. Soja tulimkuta akitengeneza ua wa mbuzi kwa matawi ya miiba. Mke wake alituletea viti na chai ya maziwa. Hedimasta alikataa kuketi. Alieleza yote akiwa wima kama anayetoa somo: kofia, ufa, maji, sabuni. Hakuficha chochote. Mwisho akasema, "Nilikosa. Naomba msamaha, na urudi kazini."

Soja alifunga tawi moja kwanza. "Nimesikia, Mwalimu. Umesema vizuri. Lakini ulinifukuza mbele ya wanafunzi. Hapa wanaosikia ni mbuzi."

Nilidhani Hedimasta ataondoka. Alisimama pale jua likimpiga kichwani, kisha akamwambia, "Chukua koti."

Kesho yake kulipokucha soja alisimama mbele ya gwaride, mahali palepale. Hedimasta alieleza upya, kwa sauti ya kufika mstari wa mwisho. Alisema kompyuta haikusema uongo, ila yeye aliisikia anavyotaka. Alisema mzee huyu hakuiba na hakugusa. Kisha akasoma kutoka kichwani kanuni ya shule kuhusu anayemsingizia mwenzake: kufyeka nyasi wiki moja. "Kanuni haisemi mwanafunzi," alisema. "Inasema mtu."

Hakuna aliyecheka. Jioni ile alitoka na fyekeo, suti ya kijivu na tai, akaanza kwenye ua wa mashariki. Hakujua kufyeka. Alipiga mawe kuliko nyasi. Mzee mmoja wa halmashauri alikuja mbio kumsihi aache, kwamba anakivunjia cheo chake heshima, akamjibu kwamba anamzuia kumaliza adhabu yake na kuna kanuni kuhusu hilo pia. Alifyeka wiki nzima, mikono ikatoka malengelenge, na ile sehemu ilibaki imekatwa vibaya mpaka mvua nyingine.

Soja hakurudi kazini. Alipeana mkono na Hedimasta mbele ya gwaride, akamwambia, "Asante. Kazi sitaki. Nimezoea kulala usiku." Akaomba tu apelekwe stendi. Hedimasta alimpeleka mpaka nyumbani.

Je, alibadilika? Watu huniuliza hivyo, wakitaka niseme ndiyo. Mwezi uliofuata alimpa mpishi mfupi onyo kwa kosa la panya. Lakini alianza kitu kipya: akishatoa hukumu, aliuliza, "Ama?" Ilikuwa ama ndogo, ya kunung'unika. Wengi hawakuitumia nafasi hiyo kujitetea. Waliojaribu, mara moja moja, walisikilizwa.

Alistaafu, akarudi Kitui. Gari liliuzwa kwa vijana wa Nairobi, na kofia mpya ya distribyuta ikiwa juu yake. Miaka ilipita. Mimi nilikuwa nimeolewa, binti yangu anamaliza shule, nilipopita Migwani, huko huko Kitui, kwa mazishi ya jamaa ya mume wangu, nikaambiwa Hedimasta anakaa karibu. Nilimkuta ameketi nje ya nyumba yake, macho yamepoteza nguvu, suti imebadilishwa kwa sweta. Alinitambua kwa sauti.

"Madam. Umechelewa."

Tulizungumza mambo ya mvua, ya watoto, ya nani amekufa. Alikuwa mpole kiasi cha kunitia wasiwasi. Nilipoaga, alinishika mkono akauzuia.

"Nataka kukuuliza kitu, na sina jibu," alisema. "Kule chumba cha walimu, mkishafunga mlango. Mlikuwa mnanicheka?"

Nilifikiria kumdanganya. Alikuwa mzee, na mimi nilikuwa na chai yake tumboni.

"Kila siku, Mwalimu," nilisema. "Mpaka machozi."

Aliinamisha kichwa. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikaona anacheka, bila sauti, mkono wake bado umeshika wangu. Alicheka mpaka akatafuta leso.

"Afadhali," alisema akijifuta macho. "Miaka yote hiyo nilidhani mnaniogopa."